Kiporo cha Mama Shitala

Mtaani kwetu Kolkata hakuna anayenizidi kutambua miungu. Nionyeshe banda lolote la sikukuu, la mianzi na vitambaa, hata kama sanamu imefinyangwa na mlevi. Nikishamwona mnyama anayepandwa na mungu huyo, nimemaliza. Bundi ni Lakshmi. Panya ni Ganesh. Tausi ni Kartik. Paka ni Shashthi. Wenzangu hubishania taji na silaha. Mimi nachungulia miguuni, nataja jina, naenda zangu.

Ndiyo maana Shangazi Nirupoma alinishika mimi bega asubuhi ile ya mwezi wa Choitro, joto likiwa limeshaanza kuchemsha mitaro. Macho yake yana utando. Anaona mwanga na vivuli, basi. Mjukuu wake Mithu alikuwa amepona tetekuwanga na ndiyo kwanza ameogeshwa. Shangazi alikuwa ameweka nadhiri: siku mtoto akioga, yeye hatatia kitu mdomoni, hata maji, mpaka ampelekee Mama Shitala chakula kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya adhuhuri. Na Shitala, mungu anayetawala ndui na tetekuwanga, hataki kitu cha moto. Hupewa kiporo.

"Usinipeleke kwa mwingine, Ghontu," alisema. "Nadhiri si barua, kwamba ikikosea nyumba itarudishwa."

"Shangazi! Unaongea na mimi au na mgeni? Mama Shitala anapanda punda. Nani mwingine huko juu anapanda punda?"

"Mdomo wako huo. Shika bakuli."

Bakuli lenyewe, jamani! Wali wa jana uliolala ndani ya maji, dengu baridi zilizoganda, mtindi uliokwisha kuanza kutoa povu. Kila hatua, yale maji yalinimwagikia vidoleni, yanateleza kama kamasi. Na njia nayo! Kuta zote zimetapakaa mate mekundu ya tambuu, maua ya sikukuu iliyopita yamegeuka uji mweusi, na inzi walikuwa wakitoka kwenye uji ule kuja kupumzika mdomoni mwangu.

Banda la Shitala lilikuwa nyuma ya soko la samaki. Tulipofika penye kichochoro chake, harufu ikanipiga kama kofi. Matumbo ya samaki yalielea kwenye maji ya kijivu yanayofika kifundoni. Katikati, mbwa alitapika kichwa cha samaki, akakitazama, akakila tena. Nikatoa leso, nikaziba pua.

Kushoto, mahali pakavu, palikuwa na banda jingine. Sanamu yake ilikuwa bado imefunikwa shuka, inamngoja kuhani. Chini ya shuka ilichomoza pua ya mnyama, ndefu, nyeupe, na meno bapa.

"Punda!" nikasema, leso puani. "Tumefika, Shangazi. Wamemhamishia huku. Hata Mama ameshindwa na ile harufu."

"Una hakika?"

"Namwona kwa macho yangu haya mawili."

Akapiga magoti. Akalisukuma bakuli mbele polepole, akagusisha paji la uso chini, akalitaja jina la Mithu mara tatu. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka kwa njaa.

Kuhani akaingia, ngoma zikalia, shuka likavuliwa.

Mikono kumi. Mkuki. Jitu limelala na kifua kimetobolewa. Na punda wangu ana manyoya ya shingoni na makucha: alikuwa simba. Familia za zamani za mtaa wetu huagiza simba wa Durga, mungu wa mikono kumi, afinyangwe na uso wa farasi; kila mtoto wa hapa anajua, nami nilijua. Ila nilitaka sana pua ile iwe ya punda. Huyu alikuwa Basanti, Durga wa majira ya maua, anayepikiwa chakula asubuhi hiyohiyo na kuletewa kikiwa bado kinafuka moshi. Mbele ya miguu yake kiporo chetu kilitoa povu, na inzi wawili walikuwa wamezama mtindini.

"Anaonekanaje?" Shangazi akauliza. "Nieleze, mwanangu."

Kichochoro cha Shitala kilikuwa hatua ishirini tu. Nikamkumbuka yule mbwa na matapishi yake.

"Anang'aa, Shangazi. Ufagio mkononi, mtungi kiunoni. Amepanda punda wake, anakutazama."

Nilijisikia kama nimelamba mtaro. Shangazi alilia, akacheka, akafungua chupa yake ya maji.

"Usinywe, mama!"

Nyuma yetu alisimama Khiroda, muuza samaki, amekuja kusali na magamba ya samaki mikononi. Nilitamani nimwambie ananuka. Kati yetu wawili, sikuwa na hakika ni nani aliyenuka zaidi.

"Nimesimama hapa tangu shuka linavuliwa," akasema. "Shitala yuko kule kwetu, nimemmwagia maji kabla ya kuja huku. Na huyu mpwa wako ameona vizuri kabisa, kisha akakueleza vingine."

Chupa ilikuwa imeshafika midomoni. Shangazi akaishusha, akanigeuzia yale macho yake meupe.

"Ghontu," akasema Khiroda, "mhesabie shangazi yako mikono ya Mama huyu. Mmoja mmoja. Kwa sauti."