Neno Halikataliwi

Mimi huandika michezo ya redio, na kichwa kikinikauka humwomba neno binti yangu. Tunamwita Kasuku, maana mdomo wake haujui likizo. Sheria zetu ni mbili: neno likishatolewa halikataliwi, na kuandika kunaanza papo hapo, bila kuwaza.

Wiki hii alinipa "chokaa". Nikamwandika fundi rangi aliyepaka chokaa mpaka paka wa jirani. Kesho yake akanipa "sepetu". Nikabuni wazee wawili wanaochimba hazina kwenye ua wa mama mkwe wao. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliusikiliza mchezo huo amesimama, chai ikimpoa mkononi. Hakucheka hata kidogo. Nikasema moyoni, huyu ucheshi hana hata wa kuazima.

Shemeji alihamia kwetu mume wangu aliposafiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo waligombania nyumba hii waliyoachiwa na baba yao, na nilipoamka asubuhi shemeji akaniambia mume wangu kasafiri alfajiri. Simu yake haipatikani. "Huko mtandao ni shida, shemeji," ndivyo mdogo wake anavyoniambia kila nikiuliza. Nikaamini, kwani damu nzito kuliko maji.

Leo mchana nilikaa kwenye meza ya jikoni.

"Haya Kasuku, nipe neno."

"Saa."

Nikaanza kuandika. "Saa gani? Ya ukutani?"

"Ya baba. Ile ya mkanda wa kahawia. Baba mdogo ameificha ndani ya kiatu chake."

Mume wangu haivui saa ile hata akioga. Kalamu ikasimama.

"Na sepetu uliiona wapi, mwanangu?"

"Nyuma ya banda la kuku. Baba mdogo alikuwa anafukia shimo. Halafu akamwaga chokaa. Amesema ni ya kuzuia harufu ya kuku."

Banda lile ni tupu tangu mwaka jana.

Mtoto alikuwa ananiambia alichokiona, nami nakigeuza kichekesho, tena nakipeleka redioni. Nikamshika mkono tutoke vilevile tulivyo, bila hata viatu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Shemeji akaingia, akasukuma komeo nyuma yake, akavuta kiti na kukaa kati yetu na mlango.

"Kila siku mtoto tu," akasema kwa upole. "Leo acha neno nitoe mimi, shemeji."

"Leo nimechoka, shemeji. Labda kesho."

"Mama!" Kasuku akaruka huku akicheka. "Neno halikataliwi! Si umesema mwenyewe?"

"Umemsikia mtoto," akasema shemeji. "Neno langu ni safari. Ya watu wawili."

Kasuku akanisogezea karatasi, akanitia kalamu mkononi.

"Anza, mama. Bila kuwaza."