Walipomwandika Nyapara

Mama zangu wa Nguvumali, na nyinyi wa Pangani mliosikia kwamba meli ya Adeni inarudi kuchukua vijana wa kazi, msianze kupiga pasi mashati. Nisikilizeni kwanza. Mimi elimu yangu ni ya misheni, darasa la nne, sina maneno makubwa. Lakini haya yamepita mlangoni kwangu, nami nayaandika ili yasipite kwenu.

Mwanangu Ernesti ni seremala. Si yule wa kugongagonga masanduku ya samaki, la. Alifundishwa na mabruda katika karakana ya misheni, akatoka huko akapewa meza ya kazi katika duka la samani la Mhindi mmoja hapa mjini. Kabati la Ernesti unalifunga kwa kidole, nalo halitoi sauti. Baba yake alikuwa manamba kwenye shamba la mkonge, mtu wa namba. Alikufa kwenye korona, ile mashine ya kuchana majani ya mkonge, na siku walipokuja kuniambia walitaja namba yake kwanza, ndipo wakatafutana nani analijua jina. Tangu hapo nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, mwanangu awe na kazi inayotajwa kwa jina lake.

Sasa yupo mzee mmoja, Zebedayo. Ndiye aliyemsimamia Ernesti ubatizo, akamshikia mshumaa. Zamani alikuwa nyapara shamba lile lile la mkonge, akiwasimamia wakata majani. Siku hizi yuko mjini, akimkusanyia majina kontrakta mmoja anayejenga maghala na nyumba Adeni. Jumapili moja baada ya misa akaja kwangu.

"Hodi humu! Mama Ernesti, chai ipo au mmeificha?"

"Karibu Baba Praxeda. Chai ipo, sukari ndiyo tunaitafuta."

Ernesti akasimama. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo nimekuja na Adeni mfukoni."

Akatueleza. Serikali ya Adeni, alisema, haimwachi mtu ashuke melini kwa kuwa ana miguu. Lazima kontrakta amwombee kibali kabla hajaondoka, aseme huyu ni nani na anakuja kufanya kazi gani.

"Basi mwandike seremala," nikasema.

Zebedayo akacheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. "Seremala! Mama Ernesti, wewe si umekaa shambani? Niambie, fundi akiharibu, nani alimkemea?"

"Nyapara."

"Jua likiwaka, nani alikaa kivulini?"

"Wewe, baba," Ernesti akajibu, naye anacheka.

"Basi umesema mwenyewe! Mtoto niliyemshikia mshumaa nimwandike chini, halafu nyapara awe mtoto wa mtu mwingine? Haiwezekani. Nimemwandika nyapara."

Nyinyi mliokulia kwenye mkonge mnajua. Sisi ngazi tuliyoiona ni ile moja. Chini manamba, juu yake fundi, juu yake nyapara, halafu Mzungu, halafu Mungu. Mtu akikwambia mwanao anapandishwa kuwa nyapara, unamkatalia kwa lipi?

"Lakini baba, mimi sijawahi kusimamia watu," Ernesti akasema.

"Luka unamfundisha, humfundishi? Luka si mtu?"

Luka ni mkwe wake Zebedayo, mume wa Praxeda. Kijana mpole, ndiyo, lakini mkono wake mzito. Alikuwa akija dukani kwa Mhindi jioni, na Ernesti akimwelekeza namna ya kushika randa ili ubao usichanike.

Jirani yangu Mwatum, mtu wa Pemba, alikuwa kizingitini anachambua mchele. Akainua kichwa. "Mie kwetu Pemba mtu hodari wa kuchuma karafuu huitwa kuchuma karafuu, haitwi kuwatazama wachumaji. Hao wa Adeni wana haja gani na nyapara wa Tanga?"

"Wa kuwasimamia Wapemba wasiibe mchele wanaochambua," Zebedayo akamrudishia.

"Ala! Basi miye nitaiba wako, uje unisimamie."

Tukacheka wote. Maneno ya Mwatum yakapotelea humo humo kwenye kicheko.

Zebedayo akasema na jambo la pili. Ernesti aiache meza ya Mhindi mapema, kwa sababu kontrakta hamchukui mtu mwenye mkataba na tajiri mwingine. Hilo lilikuwa kweli. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alichanganya la kweli na la uongo katika kikombe kimoja, na ukinywa huwezi kujua lipi ni lipi. Ernesti akamuaga Mhindi. Mhindi alisikitika, akamwambia, "Wewe nenda, lakini meza siwezi kuiacha tupu."

Ikafika jioni ya kuamkia siku ya kuitwa gatini kujaribiwa. Zebedayo akaja tena, safari hii na Luka nyuma yake.

"Kesho usiende na sanduku la vyombo," akamwambia Ernesti. "Nyapara akionekana kabeba msumeno, watamdhania kibarua. Nenda na shati safi. Vyombo mwazime ndugu yako Luka, akajaribu bahati yake kwa maseremala, huko nilikomwandika. Msumeno wake hauna hata meno."

"Nitavirudisha jioni hiyo hiyo, kaka," Luka akasema, macho chini.

Sanduku lile Ernesti alilitengeneza mwenyewe, na pembeni kachonga jani jembamba la mkarafuu alilochorewa na Mwatum. Ndani mlikuwa na randa aliyopewa na bruda siku ya kumaliza mafunzo, patasi, na msumeno alioutunza kama jicho. Akaketi na tupa akaunoa tena ule msumeno, jino kwa jino, ili usimkwamie Luka. Mimi nikamtazama, nikajisifu moyoni kwamba nimezaa mtu asiye na choyo.

Asubuhi nikamsindikiza. Pale gatini, mbele ya ghala, karani wa kontrakta, jina lake Idarusi, alikuwa amesimama juu ya kreti anaita.

"Maseremala huku kwenye mbao! Waashi kule kwenye tofali! Mafundi bomba ukutani!"

Watu wakagawanyika. Ernesti akabaki katikati, shati lake jeupe, mikono mitupu.

"Wewe bwana, upande gani?"

"Nyapara wanasimama wapi?"

Idarusi akamtazama. "Nyapara? Nani kakwambia tunachukua nyapara?"

Wenye masikio wakayapata. "Nyapara wa nani, wa kunguru wa gatini?" mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema, "Shikamoo Bwana Nyapara, sisi tunakwenda kazini!" Kicheko kikapita safu kwa safu. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba ya kutuzuia wasindikizaji, na wanawake wengine, nikahisi kama wananicheka mimi.

Idarusi hakucheka. Akashuka kwenye kreti, akamwuliza jina, akalitafuta kwenye orodha yake, akaongea naye taratibu.

"Ndugu yangu, Adeni wametaja kazi wasizo na watu wa kutosha wa kuzifanya. Seremala, mwashi, fundi bomba. Hizo ndizo walizozifungulia mlango. Wasimamizi wanao wenyewe, tele. Kibali hakitazami kazi ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Kinatazama kama kazi hiyo imetajwa, basi."

"Mimi ni seremala. Nipe ubao, nikuonyeshe sasa hivi."

"Nakuamini. Lakini anayekuombea kibali ni kontrakta, si wewe. Jina lako lilishavuka bahari na kazi ya nyapara, likakataliwa huko huko. Kulibadilisha ni kuanza upya, na meli haina muda huo."

"Kwa nini hamkuuliza?"

"Niliuliza." Idarusi akashusha sauti, lakini nilikuwa karibu, nikasikia. "Nilimwuliza mzee aliyeleta majina, huyu Ernesti hana ufundi wowote? Akanijibu hana, ni mtu wa kusimamia tu. Nikamwambia basi hatapita. Akasema, mwandike hivyo hivyo."

Mama zangu, mtu anaweza kuchomwa kisu akabaki amesimama. Mwanangu alibaki amesimama. Akageuka kuelekea kwenye mbao. Pale alikuwapo Luka, na sanduku lenye jani la mkarafuu miguuni pake, anasukuma randa ya bruda. Na alikuwa anaisukuma vile vile alivyofundishwa, kiwiko karibu na mbavu. Ubao ukatoka laini. Mzungu wa kontrakta aliyekuwa akiwajaribu akapitisha kiganja juu yake, akaitikia kwa kichwa.

"Luka!" Ernesti akaita.

Luka hakuinua macho. Akapuliza takataka za mbao kwenye randa, akaendelea.

Waliofaulu hawakuruhusiwa kurudi nyumbani. Walipelekwa moja kwa moja kwenye mashua ya kuwafikisha melini, na sanduku la mwanangu likaenda nao.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Zebedayo. Nilimkuta anakula mhogo, wala hakusimama.

"Baba Praxeda, ulijua nyapara hatakiwi?"

Akatafuna, akameza. "Nilijua."

"Ukamwandika."

"Walitaka maseremala wachache, Mama Ernesti. Ernesti akisimama pale, Luka anarudi nyumbani. Wewe mwenyewe umeiona kazi ya Luka. Binti yangu ana mimba. Wako ana mikono, atapata popote. Luka angepata wapi?"

"Kwa hiyo umemnyima kwa sababu anajua kazi?"

"Sikumtukana. Nilimwandika cheo kikubwa."

"Na vyombo?"

"Vitarudi, Luka akirudi."

"Ulimshikia mshumaa mbele ya padri, Zebedayo." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Nilimshikia," akasema. "Sasa namshikia mjukuu wangu."

Praxeda alikuwa mlangoni na kata ya maji aliyotaka kunikaribishia. Aliposikia hayo akarudi ndani nayo.

Meza ya Mhindi ilikuwa imeshapata mtu. Ernesti akazunguka karakana zote, na kila alipofika aliulizwa, vyombo vyako viko wapi? Seremala asiye na vyombo ni nani? Vijana wa hapa Nguvumali wakampa jina, Nyapara wa Adeni. Akipita dukani wanamsimamia wima na kumpigia saluti. Alivumilia, hakumpiga mtu.

Jina hilo likasafiri mpaka likamfikia msimamizi wa shamba la mkonge, lile la baba yake. Akatuma mtu kuja kuuliza, eti yupo kijana aliyeandikwa nyapara na kontrakta wa Wazungu? Walikuwa wanatafuta mmoja. Ernesti akanitazama. Nami sikuwa na unga ndani, basi akaenda.

Ndugu zangu, naandika kwa sababu Zebedayo ameanza tena. Jumapili iliyopita nimemwona nje ya kanisa kamshika mkono mama yake Asheri, yule kijana mwashi, anamwambia, "Mwanao nitamtafutia kitu kikubwa kuliko uashi." Mama yule anatabasamu kama nilivyotabasamu mimi.

Sikungoja. Nilimwambia Ernesti, naye akamchukua Asheri wakaenda wenyewe kwa Idarusi. Akasimama pale mpaka limeandikwa neno mwashi, akamtaka Asheri alisome kwa sauti. Mwashi. Ndipo Idarusi akamwuliza mwanangu, "Na wewe? Safari hii ningekuandika seremala. Lakini kujaribiwa ni kwa vyombo vya mtu mwenyewe. Unavyo?"

Ernesti akajibu kwamba viko Adeni.

Nendeni wenyewe. Msimtume mtu, hata kama kawashikia watoto wenu mshumaa. Msiulize cheo kipi ni kikubwa, ulizeni ni kazi zipi zilizofunguliwa mlango, na nani anayeomba, na ameomba kwa jina gani la kazi. Liwe jina la kazi ambayo mikono ya mwanao inaweza kuionyesha pale pale. Na vyombo vyake visitoke nyumbani bila yeye.

Mwanangu huja kila Jumapili. Mikono imeanza kuwa laini, kazi yake sasa ni firimbi. Alfajiri huwapanga wakata majani na kuwaita kwa namba, maana ndivyo shamba linavyotaka. Namba ya baba yake walimpa mtu mwingine zamani, mgeni tu, hajui ilikuwa ya nani. Nilimwuliza Ernesti akiifikia hufanyaje. Akasema huiita upesi upesi, apite.