Magadi Si Chumvi

Chumvi ilifukuzwa nyumbani kwa Inna Delu siku ileile daktari alipoikataza. Inna alilitoa kopo zima nje, akasugua vyungu kwa majivu mara mbili, na tangu hapo ugali wa tuwo na mchuzi wa majani ya mbuyu vikawa vinapikwa chapwa, wajukuu wanakula wamekunja nyuso. Jirani aliyekuja kuazima kijiko kimoja cha chumvi alitimuliwa mlangoni kama mwizi wa kuku.

"Humu mna mgonjwa wa moyo!" Inna alimpigia kelele, kwa sauti ya kutaka nusu ya mji wa Zaria isikie. "Chumvi ndiyo sumu yake. Hata punje!"

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Hansatu, bintiye, aliyekuja kwa mamake kujifungua mtoto wa kwanza kama desturi inavyotaka. Mtoto alizaliwa salama. Wiki ya pili miguu ya mama ikaanza kuvimba, pumzi zikawa fupi, akawa halali ila amekaa, ameegemea mito mitatu. Hospitalini walimwambia msuli wa moyo wake umelegea baada ya uzazi: moyo unapiga, lakini hausukumi. Ugonjwa huo si mgeni kwetu. Kila mtaa una makaburi yake ya wanawake waliotoka kujifungua, na kila kaburi watu wamelitafutia jina, jicho la mtu au jini, ili mradi lisiwe jina lake la kweli.

Chumvi ikafukuzwa, lakini arobaini ya uzazi ni arobaini. Kila alfajiri Inna alimwogesha bintiye kwa maji ya moto na matawi ya mwarobaini, akamlaza juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini, kisha akamnywesha bakuli la uji wa mtama uliokolezwa magadi, bonge la ukubwa wa kidole gumba. Magadi huleta maziwa na kufukuza baridi ya uzazi. Bakuli la pili adhuhuri, la tatu jioni. Inna alinyweshwa na mamake, mamake na bibiye, na hakuna aliyepata kuyaita magadi chumvi.

Siku ya kliniki Daktari Rahmatu alimwongezea Hansatu kidonge kipya, kirefu, cha rangi ya zambarau. "Hiki kinausaidia moyo kupumzika," alisema. "Siku za mwanzo utaona kizunguzungu. Usikiache bila kuniambia."

Kwenye benchi la nje Hansatu alimkuta Zulai, aliyekuwa amepewa kidonge hichohicho siku hiyohiyo. Zulai alikuwa mwanamke mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana na mdomo usiotulia. Yeye alijifungua miezi mitatu kabla, arobaini yake ilikwisha zamani.

"Kizambarau hiki, shoga yangu, kitatuua au kitatuoza?" Zulai alisema, akikigeuza kiganjani. "Haya, tukimeze pamoja. Atakayekufa wa kwanza amwambie mwenzake."

"Ulimi wako huo!" Hansatu alicheka mpaka akakohoa. Wakameza kwa maji ya kikombe kimoja, wakapeana namba za simu.

Wiki mbili baadaye Zulai alifika kliniki anatembea kwa miguu yake, amejifunga kitambaa cha sherehe. Kizunguzungu kilimchezesha siku nne, alisimulia, siku ya tano kikaondoka. Sasa analala mto mmoja. Juzi kamfulia mtoto mwenyewe, mamake akalia kwa furaha.

"Nakojoa kama mbuzi aliyekula tikiti," alisema. "Lakini napumua, Hansatu. Napumua mpaka chini."

Hansatu alikuwa ameshikwa mikono na watu wawili kushuka garini. Uso ulimvimba, macho yamebaki mstari. Alimtazama Zulai na kitambaa chake cha sherehe, akageuza uso. Ulikuwa wivu, tusiupambe. Kwa nini huyu na si mimi? Yeye naye alimeza kidonge kila siku. Yeye naye hakuonja chumvi.

"Furahi tu," alisema. Alipandisha kitenge, akabonyeza kidole kwenye muundi wake. Alipokitoa, shimo lilibaki. "Unaona? Kabla ya kizambarau sikuwa hivi. Dawa hii inakupa kwanza, halafu inakudai. Mimi nimeshaijua, na leo naiacha."

"Lakini mimi imenifaa."

"Mwanzo. Leo kwangu, kesho kwako."

Zulai hakuwa na mzaha tena. Alilitazama shimo lile kwenye mguu wa mwenzake likijaa polepole. "Wallahi?"

"Ningekudanganya nipate nini?"

Na kweli hakudanganya. Alisema alichokiona mwilini mwake, na mwili wake haukujua kueleza zaidi ya hapo. Lakini alipoona hofu imeingia machoni mwa Zulai, alijisikia nafuu kidogo, nafuu ya mtu aliyepata mwenzake shimoni. Hilo ndilo lililokuja kumfanya ajichukie.

Ndani, daktari aliibonyeza miguu, akakunja uso. "Unakula chumvi?"

"Hata punje," alijibu Inna kabla ya bintiye, akaapa kwa mkono kifuani. Daktari alikuwa na wagonjwa sitini nje. Akaongeza dawa ya mkojo, akasisitiza kizambarau kiendelee. Hansatu akaitikia ndiyo, na jioni akakitupa chooni.

Siku tisa baadaye walimpeleka wodini anahema mdomo wazi. Walimwekea hewa puani, wakampiga sindano. Asubuhi ya pili Inna aliingia na themosi, akamimina bakuli, akaanza kumlisha mwanawe kwa kijiko. Daktari Rahmatu alikuwa anapita kitanda cha jirani. Harufu ikamsimamisha.

"Inna, hicho nini?"

"Uji tu wa mzazi, Daktari."

"Umetia nini?"

"Mtama, tangawizi, pilipili manga. Na magadi."

"Magadi kiasi gani?"

"Aa, Daktari! Kwa mwanangu mimi si mchoyo."

Daktari alichukua kijiko, akaonja, akakaa ukingoni mwa kitanda kama aliyeambiwa habari ya msiba. "Mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu. Kuna nini?"

"Inna, magadi haya ni chumvi."

"Magadi si chumvi. Magadi ni magadi."

"Kwa ulimi wako. Kwa moyo wa mwanao ni yaleyale." Kisha akasema kwa sauti ya chini, si kwa Inna wala kwa Hansatu, "Na mimi nimelelewa kwa uji huuhuu. Kila siku nauliza chumvi, chumvi. Sikuuliza magadi hata siku moja."

Inna aliifunika themosi. Aliifunika, akaifunua, akaifunika tena, kisha akatoka nje, na kilio chake kilisikika mpaka ghorofa ya chini.

Uji ulikoma, kizambarau kikarudi. Siku nne za kizunguzungu, ya tano kikaondoka, kama alivyosimulia Zulai. Maji yalimtoka Hansatu ndoo kwa ndoo. Siku ya kumi na mbili aliviona vifundo vyake vya miguu, akavishika kama vitu vilivyopotea. Akalala mto mmoja. Akavuta pumzi mpaka chini, na hapo chini ndipo jina la Zulai lilipomngoja.

Alipiga simu. Ilipokewa na msichana.

"Naomba Zulai."

"Zulai hayupo. Zulai ametangulia, leo siku ya kumi na moja. Wewe nani?"

Hansatu alikwenda kwa kina Zulai hata kabla ya nguvu kumrudia, peke yake, kwa sababu neno alilotaka kulisema hakutaka mamake alisikie. Njia nzima alilipanga: mimi ndiye niliyemwambia aache, na sababu haikuwa dawa. Alijua likishatoka hatakuwa tena mgonjwa mwenza wa marehemu, atakuwa muuaji wake. Alijua pia asipolisema hakuna atakayelijua duniani.

Iya Kande, mamake Zulai, alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye mkeka wa matanga.

"Hansatu? Wewe ndiye Hansatu?" Machozi yalimlenga. "Jina lako lilikuwa halimkauki mwanangu mdomoni. Ulimfumbua macho. Alivitupa vidonge vile siku ileile. Amekufa, ndiyo, siku yake ilifika, lakini hakufa na sumu ya watu tumboni. Mungu akulipe, mwanangu."

Hansatu alifungua mdomo, likatoka neno moja tu. "Amina."

Basi. Ilikuwa rahisi hivyo. Alimtazama mtoto wa Zulai aliyelala mgongoni mwa shangazi, akazipokea shukrani ambazo zilimchoma kuliko matusi. Angeweza kuaga. Mkono wake ulikuwa umeshashika chini ili ainuke.

Ndipo akatoka chumba cha nyuma Talle, mdogo wake Zulai, yule wa kwenye simu, na kichanga cha wiki tatu kifuani. Alitembea polepole, akasimama katikati ya ua kupumua. Alipokaa, kitenge kilipanda kidogo. Hapakuwa na vifundo vya miguu. Iya Kande alimsogezea bakuli linalofuka moshi, na Hansatu aliijua harufu kabla ya kuona.

"Iya," alisema. "Asinywe huo."

"Nini?"

Akasema. Alianza na miguu yake mwenyewe, akaja kwenye themosi ya wodini, akaja kwa daktari aliyekaa kitandani, akamalizia pale alipokuwa anapaogopa. "Dawa haikuwa na kosa. Zulai ilikuwa inamponya. Nilimwambia aache, na nilikosea. Na nilikuwa namwonea wivu, Iya. Nisamehe mimi, lakini huyu mpelekeni hospitali leo, na huo uji mmwage."

Iya Kande alilisogeza bakuli karibu zaidi na Talle.

"Siku ile ulisema dawa ni sumu, tukakuamini," alisema. "Leo unasema dawa ni nzuri, uji wa mama zetu ndio sumu. Kesho utakuja kusema nini? Hewa?"

"Iya, tazama miguu yake."

"Miguu ya mzazi huvimba! Nilizaa saba, nilikunywa bakuli mpaka la mwisho. Unataka nini nyumbani kwangu, wewe? Mmoja hakukutosha?"

Hansatu alimgeukia Talle. "Mdogo wangu, nakuomba. Usiku unalala chini au unakaa?"

Talle alimtazama, akamtazama mamake.

"Toka," alisema Iya Kande. "Toka kabla sijasahau kwamba nina msiba."

Alitoka mpaka ukumbi wa mlangoni, akakaa juu ya viatu vya waombolezaji. Kutoka uani alisikia kijiko kikikwangua bakuli.

"Nikuongeze kidogo?" alisema Iya Kande, kwa sauti laini ambayo hakuwa nayo hapo kabla.

"Niongeze, Iya."