Shemeji Wawili na Foleni Moja

Mwalimu wa hesabu, ambaye chuoni walimwita Bi Grafu, alikuwa na balaa lake: mumewe aliongoza benki ya damu ya hospitali kuu, na dada yake mkubwa aliongoza ile ya hospitali ya pili. Mji ni huo huo, watoaji damu ni hao hao. Mume akitangaza soda kwa anayechangia, shemeji mtu anaongeza biskuti. Huyu akileta fulana, yule analeta fulana na kofia. Siku ya kuchangia pale chuoni walisimamisha mahema mawili, wakawagombea wanafunzi kama wauza nyanya wenye mteja mmoja.

Haya, majokofu yakishajaa ndipo mambo yanapoharibika. Damu haikai milele, kwa hiyo nyingine ilipitwa na muda ikatupwa, na waliokwisha kutoa hawaruhusiwi tena mpaka miezi mitatu ipite. Mji mzima ukawa unakauka kwa pamoja. Mama mzazi wa Bi Grafu na dada yake, aliyevunjika nyonga, alikuwa ameahirishiwa upasuaji mara mbili kwa kukosa damu, na funguo za majokofu ziko kwa binti yake na mkwe wake. Aibu iliyoje hiyo.

Bi Grafu akaandika milinganyo yake, akawaita wote wawili nyumbani, akawachorea mistari kwenye ubao wa watoto.

"Mnapanda pamoja, mnashuka pamoja," akasema. "Mmoja achangishe sasa, mwingine asubiri mwezi na nusu. Haitatupwa, wala haitakauka."

"Sawa kabisa," mumewe akasema. "Shemeji asubiri."

"Nisubiri mimi?" dada mtu akadakia. "Wewe shemeji usubiri, si ndiye unayejisifu kwa subira?"

"Nikisubiri utanikombea wote."

"Ungejua kubembeleza watu usingeogopa."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Bi Grafu alifuta ubao kwa hasira, maana hesabu zilikuwa zimeshamwambia: anayejitoa peke yake ndiye anayeumia, basi hakuna atakayejitoa. Chumba cha pili mama alikuwa akigeuzwa ubavu, akiuma shuka ili wasimsikie. Walimsikia wote watatu.

Siku nyingine ya kuchangia pale chuoni ilipofika, simu ya Bi Grafu ililia akiwa darasani. Aliyepiga alikuwa mlezi wa wanafunzi.

"Mwalimu, watu wako wamepotelea wapi? Foleni imefika getini, hema hakuna hata moja."

Akampigia mumewe.

"Nimemwachia shemeji," akasema. "Ile shuka ya mama imenishinda. Lakini usimwambie, atanicheka mpaka kaburini."

Akampigia dada yake.

"Nimemwachia mumeo. Na usimwambie, mdogo wangu, atavimba kichwa."

Bi Grafu akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Katika milinganyo ile alikuwa ametia kila kitu: soda, fulana, umbali, ubishi. Hakutia kwamba mtu anaweza kumwachia mwenzake. Sembuse wawili kuachiana siku moja, wapumbavu wale, mpaka kazi ikakosa mwenyewe.

"Njooni wote," akawaambia.

Walikuja kwa gari moja, vitanda vya huyu, mifuko ya yule, soda hakuna. Nusu ya foleni ilipokwisha kutoa, dada mtu akafunga sanduku la barafu. Waliobaki, vijana wenye mishipa iliyosimama, wakaombwa warudi baada ya mwezi na nusu. Mumewe aliwatazama wakiondoka kama mtu aliyenyang'anywa sahani, lakini hakumwita hata mmoja.

Muda ulipofika, si wote waliorudi, ila waliorudi walitosha. Mama, ambaye tarehe yake ya tatu ilikuwa imeangukia hapo, akapasuliwa katika majuma yale yale ambayo zamani majokofu yalikuwa matupu.

Alipozinduka, akauona mfuko unaning'inia juu yake.

"Hii damu ni ya nani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ya mkwe au ya binti?"

"Ya kwake," mkwe na binti wakajibu kwa pamoja kando ya kitanda, kila mmoja akimwonyeshea mwenzake kidole.

Bi Grafu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na mlinganyo wa kurekebisha, lakini kwanza alikwenda kumshika mama mkono.