Pasi Hamsini za Mlima Hatchet

Habari iliingia jikoni mwa shule ya Pickett kwa mlango wa nyuma, ikiwa imevaa buti zenye theluji.

"Orrin! Buti!" Ardith Kolstad alifoka bila kugeuka. Alikuwa mpishi mkuu, na sakafu ile alikuwa ameipiga deki sasa hivi.

"Achana na buti, dada. Umesikia?"

"Nimesikia nini? Ninachosikia ni tope lako linadondoka."

Kaka yake hakujali. Alikuja mpaka kwenye sufuria ya supu, akavua kofia, akamwambia kwa pumzi moja. Mlima Hatchet ulikuwa unatimiza miaka sitini tangu ufunguliwe kwa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na kampuni inayoumiliki imeamua kusherehekea. Jumamosi watauza pasi hamsini za kuteleza msimu mzima kwa bei ya mwaka ule wa kwanza.

"Yaani?"

"Dola hamsini."

Mwiko ulisimama ndani ya supu. "Orrin Kolstad, kama unanitania, nitakumwagia sufuria hii yote."

"Haki ya Mungu. Hamsini! Ila kuna ujanja ndani yake. Pasi zitauzwa kwenye dirisha la mkahawa wa kule juu, na viti vya kamba vinavyopandisha watu havitatembea mpaka mbio ziishe. Mtu apande kwa miguu yake mwenyewe kama walivyopanda wazee. Mbio zinaanza chini jua likichomoza. Hamsini wa kwanza wamepata, wengine wakale keki warudi nyumbani. Na lazima uwe mkazi wa wilaya hii."

Ardith akageuka kutazama dirisha lililokuwa juu ya sinki. Alikuwa amejizoeza kutolitazama. Mlima ulijaa kwenye kioo chote, mweupe, na viti vyake vilikuwa vikipanda polepole vimebeba watu wenye majaketi ya rangi rangi waliokuja kwa ndege kutoka mbali. Baba yao alikuwa miongoni mwa waliokata miti kufungua njia za kwanza za mlima ule. Yeye na Orrin walijifunza kuteleza kabla ya kujifunza kusoma. Enzi hizo baba aliuza ndama mmoja, familia nzima ikapata pasi, na chenji ikabaki ya kununua glavu.

Kisha mzee aliyekuwa na mlima akauuza kwa kampuni ya nje ya jimbo. Wakaja na viti vyenye joto, mkahawa wa vioo, na bei. Mwaka wa kwanza pasi ikapanda kidogo, watu wakanung'unika wakalipa. Ikapanda tena. Ikafika dola mia saba, na mwaka huu ilikuwa elfu moja na mia tatu kwa aliyewahi kulipa mwezi wa tisa. Aliyechelewa alilipishwa zaidi, kana kwamba theluji inaoza. Ardith aliacha kuteleza misimu mitano iliyopita. Skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea, zilikuwa gereji, nyuma ya mashine ya kukatia majani. Hakulia wala hakumlalamikia mtu. Alichofanya ni kuacha kutazama dirisha.

"Goti lako je?" aliuliza.

"Goti la chuma halichoki. Swali ni hicho kiuno chako."

"Kiuno changu kitakutimulia theluji usoni, mzee wewe."

Jioni ile waliishusha ile mikanda ya manyoya inayobandikwa chini ya skii ili zipande bila kurudi nyuma. Gundi yake ilikuwa imekufa. Orrin alipaka mpya, akajipaka na yeye mwenyewe mpaka kwenye nyusi. Walicheka wakashindwa kuzungumza. Usiku Ardith hakupata usingizi wa maana. Kila alipofumba macho alikuwa anageuka kushoto, kulia, kushoto, miguu yake ikitikisa blanketi kama mbwa anayeota anafukuza sungura.

Jumamosi mji mzima wa Pickett ulikuwa chini ya mlima. Mchungaji alikuwepo na kofia yenye masikio. Sunniva wa posta alikuja na skii za marehemu mumewe, ndefu kama ngazi. Vijana wa timu ya sekondari walijipanga mbele, wembamba, wakirukaruka kama mbuzi. Na Harlan Voss, daktari wa meno, alikuwa na kila kitu kipya, hata chupa ya maji.

"Ardith!" Harlan alimpungia. "Nilidhani uliacha mchezo huu."

"Niliachishwa, daktari. Si kitu kimoja."

"Basi nitakuwekea nafasi kule juu."

"Niwekee kahawa. Itakuwa imepoa mpaka ufike."

Watu wakacheka. Theluji laini ilikuwa inaanguka, ile kavu isiyo na sauti, na Ardith alihisi moyo ukimdunda mpaka kwenye meno. Meneja wa mlima, Paige Ostrander, mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na kitu ambaye mji ulikuwa haujampenda bado, alipiga kengele ya ng'ombe mbele ya kipaza sauti. Umati ukaondoka kwa kishindo.

Vijana walipotelea mbele mara moja. Waliobaki walipanda kwa mkumbo, fimbo za kujisukumia zikigongana, mvuke ukitoka vinywani. Ardith alishika nyuma ya kaka yake, wakapata mwendo wao, ule wa zamani: skii moja mbele, nyingine mbele, usinyanyue, buruta. Mwili ulikumbuka. Alishangaa jinsi ulivyokumbuka. Mapaja yaliwaka na mapafu yalichomwa na baridi, lakini chini ya yote hayo kulikuwa na furaha iliyomjia kama kicheko cha mtoto anayetekenywa mbavu.

"Mbona kimya huko nyuma?" Orrin aliuliza. "Umekufa?"

"Nasikiliza goti lako. Linalia kama mlango wa zizi."

"Linaimba!"

Walimpita mchungaji, aliyekuwa ameketi kwenye theluji akila chokoleti bila aibu. Walimpita Sunniva, wakampa moyo. Katikati ya mlima, mahali mteremko unapobana kati ya misonobari, Harlan Voss akawapita wote wawili akiwa hata hahemi sana.

"Kahawa, Ardith!" alisema.

"Huyo mtu," Orrin akanong'ona, "niliwahi kumlipa kuning'oa jino. Leo natamani ningemng'ata."

Hapohapo skii yake ya kulia ikateleza nyuma. Orrin akaanguka kifudifudi. Mkanda wa manyoya ulikuwa umebanduka wote, umejikunja na kujaa theluji, na ile gundi mpya ilikuwa imeganda kama sabuni.

Ardith alipiga magoti. Alitoa selotepu ngumu aliyokuwa ameizungushia kwenye fimbo yake, wakajaribu kufunga mkanda kwenye skii, vidole vikikataa kutii. Watu waliendelea kupita. Kila kivuli kilichopita alihisi kama mtu amemchomoa kitu mfukoni.

"Nenda," Orrin akasema.

"Tulia nifunge."

"Ardith, nenda."

"Nimesema tulia!"

Orrin akamshika mikono yote miwili. Nyusi zake zilikuwa zimeganda nyeupe. "Nisikilize wewe. Ukikosa pasi kwa sababu yangu, nitasimuliwa habari hiyo kila Krismasi mpaka nife. Na nikifa utaisimulia kaburini. Sitaki! Hebu potea mbele ya macho yangu!"

Ardith alicheka huku machozi yakimtoka, akamtupia selotepu kifuani, akaondoka.

Sehemu ya mwisho waliiita Ukuta tangu utotoni. Hapo mtu hapandi moja kwa moja, anakata kushoto na kulia kama anayeshona. Upepo ulikuwa umeamka. Mbele yake aliona jaketi jipya la Harlan likienda kwa kusitasita. Yule bwana alikuwa ameanza kwa kasi mno, na sasa kila alipogeuka alisimama akiegemea fimbo. Ardith hakusimama. Alihesabu pumzi, akapoteza hesabu, akaanza kutaja vyakula vya wiki: Jumatatu makaroni, Jumanne supu, Jumatano kuku. Alipofika Ijumaa alikuwa ubavuni mwa daktari wa meno.

"Habari za asubuhi," alisema.

Harlan alikohoa, akampisha.

Juu, waliofika mapema walikuwa wamejipanga pande mbili wakipiga kelele na kugonga fimbo zao. Vijana wa timu waliokuwa wakila chakula chake kila siku walimtambua. "Mama Kolstad! Twende, mama! Twende!" Miguu haikuwa yake tena. Aliburutwa na zile sauti mpaka dirishani, akajibwaga kwenye ubao wa dirisha kwa viwiko vyote viwili, akasukuma noti ya dola hamsini iliyokuwa imelowa jasho.

"Wa arobaini na nne," karani akasema.

Wakampiga picha papo hapo, nywele zimemsimama, pua nyekundu kama nyanya, mdomo wazi. Kadi ikatoka kwenye mashine ikiwa bado na joto. Ardith aliishika kwa mikono miwili. Mlima Hatchet, msimu wote. Alitaka kusema kitu lakini akajikuta anambusu karani kwenye paji la uso.

Kisha akamkumbuka Orrin, akakimbilia ukingoni.

Harlan alifika, akapata. Wakaja mwanamke na binti yake wameshikana mikono, nao wakapata. Mwingine. Mwingine. Na wa hamsini. Kisha kengele ikalia, dirisha likashushwa, na wale waliokuwa bado wanapanda wakasimama. Wengine walitukana kwa sauti ya chini. Sunniva alipofika alikaa juu ya skii zile ndefu akalia, na hakuna aliyemtania. Kijana mmoja alimpelekea keki, akaiacha pembeni yake.

Orrin alitokea kwenye ukungu mwisho kabisa, mkia wa selotepu ukipepea nyuma ya mguu wake kama utepe wa harusi. Watu walimpigia makofi. Alimtazama dada yake, wala si dirisha.

"Umepata?"

Ardith akainua kadi.

Orrin alirusha fimbo zote mbili angani, akapiga ukelele ambao huenda ulisikika hadi shuleni. "Dada yangu kapata! Mmeona? Dada yangu huyo!" Halafu akaketi chini taratibu, kwa sababu goti la chuma lilikuwa limechoka.

Meneja Paige alikuwa amesimama karibu na vikombe vya chokoleti moto. Mwanamume mmoja alimfuata kwa hasira. "Na mwaka ujao je? Mtatupandisha tena kama mbuzi, au bei itashuka?"

"Sijui," Paige alisema. "Bei hawapangi hapa. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya." Alisema bila kukwepa macho, na yule mwanamume akachukua kikombe cha chokoleti, akaondoka. Kisha Paige akamgeukia Orrin. "Mzee wangu, hiyo selotepu umepanda nayo tangu wapi?"

"Tangu misonobari. Na mzee ni baba yako."

Paige akacheka, kwa mara ya kwanza mbele ya mji. "Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kuendesha greda la kuondoa theluji, barabara ya wilaya. Miaka ishirini na minane. Sijawahi kuliingiza mtaroni, isipokuwa mara moja, na mara hiyo mtaro ndio ulionifuata."

"Nimepungukiwa watu wa kupandisha abiria kwenye viti. Vijana ninaowaajiri wanakaa wiki mbili, wakiona kodi za nyumba za hapa wanaondoka. Siku tatu kwa juma. Mshahara si wa kujivunia."

"Sitafuti kazi, mama. Natafuta kuteleza."

"Mfanyakazi anapewa pasi ya msimu bure."

Ardith alimwona Orrin akigeuza jambo lile kichwani taratibu, kama mtu anayeonja supu. Kisha uso wote ukafunguka.

"Subiri kwanza," alisema, akimwelekezea dada yake kidole. "Huyu kakimbia mpaka anakaribia kufa, na kalipa dola hamsini. Mimi nimefika wa mwisho, na nitalipwa?"

"Orrin, usianze," Ardith akasema.

"Nalipwa, Ardith! Kwa saa!"

"Orrin!"

"Lete mkono, meneja. Naanza lini?" Akageuka nyuma. "Sunniva! Acha kulia, njoo hapa. Huyu mama anatafuta watu!"

Sunniva alifuta pua kwa glavu, akainuka, akaja akiwa na shaka usoni. Ardith aliwaacha wanazungumza, akaenda kubandua mikanda ya manyoya na kukaza buti. Chini yake Ukuta wote ulikuwa umefunikwa na theluji mpya, alama za kupandia zimeshafutika, hakuna aliyeshuka bado. Moshi wa majiko ya Pickett ulionekana kwa mbali, mdogo mdogo.

Orrin alikuja akichechemea, akafunga skii zake, akasimama bega kwa bega naye.

"Goti?" aliuliza Ardith.

"Kushuka si kazi ya goti. Kushuka ni kazi ya uchizi." Akavuta miwani machoni. "Nikuachie nafasi ya mbele? Kwa kuwa wewe ni mteja."

"Mteja huyu utamwona mgongo tu, kaka," Ardith alisema, akajiachia.

Theluji ilimpokea mpaka magotini. Kona ya kwanza ilikuwa ya woga, ya pili ya kukumbuka, na kuanzia ya tatu hakukuwa tena na hesabu. Vumbi jeupe lilimpiga kifuani, likamwingia mdomoni, akalimeza. Alisikia mtu akipiga mayowe, akadhani ni Orrin nyuma yake, kisha akagundua mdomo uliokuwa wazi ni wake. Orrin naye alikuwa anapiga kelele zake kutoka kulia, akimwita jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kulijua. Wakavuka misonobari wakikimbizana, wakaponea kugongana kwa urefu wa fimbo, wakatokea kwenye mteremko mpana wa chini ambako mchungaji, bado na chokoleti yake, aliinua mikono yote miwili kuwabariki au kujikinga.

Walisimama kwa kuangukiana. Walilala chali, wakihema, theluji ikiwadondokea usoni.

"Tena," Ardith akasema.

"Viti vinaanza saa nne," Orrin akajibu. "Nitamuuliza bosi wangu."