Vifuko Chini ya Jani

Mpimaji wa maabara alikuwa amefura tangu asubuhi. Ripoti ilisema majani ya shangazi yake hayana mafuta hata tone, na mkuu wa maabara alishaitia sahihi. Adhuhuri ingekwenda kwa wakaguzi wa dawa. Shangazi, aliyefukiza vifua vya watu kwa majani yale miaka thelathini, angefungiwa kibanda na kuitwa tapeli.

"Jani linanukia hadi barabarani," alimwambia mkuu wake, "wewe unaandika halina kitu."

"Naandika kilichosomwa na mashine."

"Wewe na mashine yako, lenu moja."

Mpimaji alibana jani bichi katikati ya kipande cha karoti ili lisiteleze, akalikata kwa wembe, vipande vyembamba vya kupitisha mwanga. Kwenye hadubini, upande wa chini wa jani, vifuko vya mafuta vilikuwa vimejaa tele, vinang'aa. Akamsukumia mkuu kiti. Mkuu aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mafuta yapo," alikiri.

"Sasa tuone lile mlilopima."

Alichukua jani kavu lililobaki kwenye sinia, akalilowesha, akalikata vilevile. Vifuko vilikuwa vimepasuka na kunywea kama puto la juzi. Hasira zikampanda kichwani. Majani yalikuwa yameokwa, mafuta yakapotea na joto kabla ya kufika kwenye mashine.

"Mzembe gani kayatia kwenye oveni? Shangazi alisema yaanikwe kivulini. Alisema mara mbili. Mtu huyo afukuzwe leo leo, asiguse hata chupa ya kuosha."

Mkuu alifungua daftari la oveni, ukurasa wa Jumanne, akaliweka mbele ya mpimaji. Digrii mia na tano, usiku kucha. Mwandiko ulikuwa wa mpimaji mwenyewe. Ndivyo alivyokausha kila jani la kupimwa kiasi cha maji kwa miaka tisa, na siku ile mkono ulifanya ulichozoea, huku mdomo ukimwambia shangazi asimfundishe kazi.

"Ripoti haiendi," mkuu alisema. "Tutapima upya. Lakini sababu utaiandika wewe."

Hasira ya mpimaji haikupoa, ilikosa tu mtu wa kumwangukia. Alitoka nje. Shangazi alikuwa kwenye benchi, fungu jipya la majani mapajani.

"Haya, mwanangu, nani kaniharibia?"

"Ni mimi, shangazi."