Kiswahili Kiliishia Mlangoni

Kihara na Chesang walipendana kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na kingine. Kihara alikuwa fundi wa friji, Mkikuyu wa Bahati. Chesang alikuwa Mkalenjin wa Kuresoi. Utani wao, ugomvi wao na kupatana kwao, yote yalipitia humo.

Mambo yaligeuka binti yao Wariara alipoanza shule katika akademi moja pale Free Area, mtaa wa Nakuru walikoishi. Mwalimu alimwambia Kihara kwamba mtoto anabaki nyuma, na kwamba Kizungu hujengwa nyumbani. Kihara alirudi ameaibika, na jioni hiyo akatangaza kwamba ndani ya nyumba yake hakuna lugha nyingine tena ila Kizungu.

Chesang hakupinga. Aliishia darasa la nane, na yeye mwenyewe alitamani kukijua vizuri. Akaweka masomo kwenye simu, akawa anarudia maneno akiosha vyombo: leftovers, lid, running late. Akasonga mbele. Aliweza kuuliza habari za homework na kusema mvua inakuja. Lakini kutania hakuweza. Hata kukasirika kulimshinda, maana hasira ilikuja mbio na maneno yakaja polepole, na kabla hajayapanga Kihara alishageukia televisheni. Kuna siku zilipita hajamwambia mumewe chochote ila "Come and eat."

Kisha mama yake akateleza akitoka kukama, akavunjika nyonga. Alihitaji kuonwa na daktari Nakuru mara kwa mara. Chesang alijitayarisha mchana kutwa, na Kihara alipokaa mezani akamkabili.

"Please. My mother, she is sick. I want she come here."

"I want her to come," Kihara akamrekebisha, bila ubaya wowote, vile alivyozoea kumrekebisha Wariara. Kisha akaeleza, bado kwa Kizungu, kwamba mama hajui lugha hiyo na mtoto ndiyo kwanza anaanza kuishika.

Chesang alikuwa na jibu refu, lakini halikuwa la lugha ya mezani pale. Akainuka, akafungua mlango, akaenda kusimama kando ya kamba ya nguo.

"Kihara, kuja hapa nje."

Kihara akatoka.

"Huyo ni mama yangu," Chesang akasema. "Ulipokuja kwetu peke yako, wote wakikuangalia vibaya, ni yeye aliniambia, huyu kijana ni mpole, enda na yeye. Sasa amevunjika, na wewe unanifunza grammar. Sikuombi Kizungu. Naomba tu mahali mama atalala."



"Aje," Kihara akasema. "Lakini ndani ile sheria ibaki. Ni ya mtoto, si yangu."

Mama akaja na magongo yake. Ndani alinyamaza, akiogopa kukosea, kwa hivyo Chesang alimtolea kiti cha plastiki, wakawa wanaongea nje ya mlango, hata kukiwa na upepo. Jumamosi moja mama alisimulia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza ili Wariara naye aelewe, jinsi jogoo wa jirani alivyomfukuza pasta hadi mchungaji huyo akapanda juu ya tangi la maji, Biblia ikiwa kichwani. Chesang alicheka mpaka machozi. Wariara, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka pia, kisha akakimbia ndani kumsimulia babake.

Chesang alimsikia akianza vizuri. "Daddy, the rooster, he..." Mtoto akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale.

"Take your time," Kihara akamwambia.

Kimya kikawa kirefu. Chesang alikijua kimya hicho.

"Nothing, Daddy," Wariara akasema mwishowe.

Mama akamuuliza Chesang mbona ameacha kucheka. Chesang akamjibu kwamba ni baridi.